Ardhi ya Kuzikia Radi

Angwenyi aliuawa na radi siku ya Ijumaa jioni, akiwa kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, si mbali na soko la Ekerenyo. Watu wa Nyamira wamezizoea radi. Huua ng'ombe, hupasua mikaratusi, na haupiti msimu wa mvua bila kilio kusikika kilima hiki au kile. Kwa hiyo kwenye mazishi hakuna aliyeshangaa sana. Mzee wa kanisa alisema siku ya mtu ikifika imefika. Shangazi za marehemu wakasema Nyasae, yaani Mungu, ndiye aliyemleta na ndiye aliyemchukua, na jina lake libarikiwe. Jirani mmoja akamshika mjane, Bochaberi, mabega yote mawili akamwambia, "Ajali haina kinga. Hata angejificha chini ya kitanda, ingemfuata huko huko."

Waliofiwa wengi huchoshwa na maneno ya namna hiyo. Bochaberi hakuchoka. Aliyapokea kama mtu aliyenyeshewa anavyopokea shuka kavu, na wageni walipochelewa kuyasema, aliyasema mwenyewe. Ilikuwa imepangwa. Ingemfuata hata chini ya kitanda.

Alikuwa na sababu yake, na hakumwambia mtu.

Kwao Waadventista, Sabato huingia jua linapozama siku ya Ijumaa, na majani yaliyochumwa hayafai kulala nyumbani. Kwa kawaida Bochaberi ndiye aliyeyapeleka kituoni. Ijumaa ile alichelewa na kazi za jikoni. Chakula cha Sabato kilikuwa hakijaiva, nguo za kanisa zilikuwa bado na mikunjo, naye alikuwa ameinama juu ya ungo akichambua chinsaga, mboga ambayo mumewe aliipenda kuliko nyama. Akamwomba Angwenyi apeleke gunia. Angwenyi alisimama mlangoni akaangalia mawingu.

"Tungoje hii mvua ipite kwanza," alisema.

"Wewe nenda, Sabato isitukute na majani ndani ya nyumba," alijibu Bochaberi bila kuinua uso. "Mvua haijawahi kumla mtu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwa mume aliyeishi naye tangu ujana. Kama siku ya Angwenyi ilikuwa imeandikwa mbinguni, basi yale yalikuwa maneno tu, ya mke mwenye haraka. Kama haikuandikwa, Bochaberi hakutaka hata kufikiria yalikuwa nini. Ndiyo maana alilishikilia lile neno "imepangwa" kwa mikono miwili.

Aliyekuwa karibu na Angwenyi radi ilipopiga ni Ogoti, jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Yeye ilimtupa mtaroni akazinduka akiwa hai, na kovu lililoshuka begani hadi kifundo cha mguu kama mzizi wa mti, na sikio moja lisilosikia tena. Kabla ya hapo Ogoti alikuwa mtu wa pombe na mizaha. Baada ya kutoka hospitali hakuigusa pombe tena. Alianza kuhudhuria kanisa, wakulima wakamchagua mwenyekiti wa kituo, na kila aliposimama kuzungumza alianza na neno moja: "Sikubakizwa bure. Mungu amenibakiza kwa ajili ya kazi."

Kazi yenyewe, alivyoielewa, ilikuwa kuweka kinga ya radi pale kituoni. Aligonga mlango baada ya mlango hadi wakulima wakachanga.

Bochaberi hakuweza kulivumilia neno lile. Ikiwa Ogoti alibakizwa kwa ajili ya kazi, basi Angwenyi aliondolewa kama mtu asiye na kazi tena duniani, yeye aliyekuwa akiimba besi kanisani, aliyemfundisha binti yao, Bonareri, kusoma kabla hajaenda shule. Walipokutana njiani Bochaberi alipinda akapita katikati ya michai. Ogoti naye hakumfuata.

Siku moja akaja fundi kutoka Kisii. Jina lake Otiende, mtu wa Homa Bay aliyehamia mtaa wa Nyanchwa mjini humo na familia yake, na kazi yake ilikuwa kufunga kinga za radi kwenye shule na makanisa. Alifika na pikipiki, nyuma amefunga mviringo wa waya mnene wa shaba. Alichimba upande wa juu wa kituo akagonga mwamba. Akachimba upande wa chini, mwamba. Akazunguka kutwa nzima na mtaimbo wake, na kila alipoudunga ulilia juu ya jiwe. Jioni akamweleza Ogoti kwamba ule waya lazima uishie kwenye udongo wenye kina na unyevu, na udongo wa aina hiyo ulikuwa mahali pamoja tu hapo karibu: kipande cha shamba la nduma, yaani magimbi, kilicho bondeni, chini ya kituo. Kipande cha Bochaberi.

"Nenda wewe," alisema Ogoti. "Mimi hatanisikiliza."

Otiende akaenda peke yake. Bochaberi alimkaribisha vizuri, kama mgeni anavyokaribishwa, akampa kiti na kikombe cha chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Walizungumza Kiswahili, kwa kuwa mgeni hakujua Ekegusii. Otiende akaeleza shida yake. Alihitaji nafasi ya mashimo matatu tu, na nduma zingerudishwa juu yake baadaye.

"Hiyo waya," aliuliza Bochaberi, "radi ikija inafanya nini?"

"Inaipokea, mama. Inaipeleka chini. Ikifika chini inakufa."

"Na kama imetumwa kwa mtu?"

Otiende alikuwa ameulizwa swali hilo nyumba nyingi, na alijua wajane hupata taabu kwa ajili yake. Majirani huanza kunong'ona kwamba marehemu alikuwa na kosa, au laana ya ukoo. Alitaka kumwondolea mzigo huo.

"Mama, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Radi haijui mtu. Inatafuta njia ya karibu ya kushuka. Ikipata mti inapitia kwa mti. Ikipata mtu inapitia kwa mtu."

"Kwa hivyo haikumtafuta baba Bonareri."

"Haikumtafuta hata kidogo."

"Basi kwa nini yeye?"

"Alikuwa amesimama hapo, mama."

Bochaberi akaangalia chini. Kuku walikuwa wakidonoa maganda ya ndizi miguuni pa mgeni.

"Na kama hiyo waya ingekuwapo siku ile?"

"Labda angerudi nyumbani ameloa tu."

Bochaberi akainuka, akakichukua kikombe mkononi mwa mgeni kabla hakijaisha.

"Shamba langu halichimbwi," alisema.

Habari zilienea. Wapo waliomsifu, wakasema mjane ana imani, na kwamba kuweka kinga ya radi ni kubishana na Mungu. Wengine walikasirika, maana mvua za msimu zilikuwa zinakaribia na watoto wao ndio waliotumwa kituoni na majani. Sifa za hawa na hasira za wale zote zilimchosha Bochaberi. Waya wa shaba ukakaa nyumbani kwa Ogoti, umefunikwa kwa gunia.

Mwezi uliofuata binti yake, Bonareri, aliyekuwa akisomea uuguzi mjini Kisii, akaja nyumbani likizo. Hakumgombeza mamake juu ya shamba. Alichuma naye chai, akapika, akamsikiliza. Mamake alimweleza kama alivyowaeleza watu wote, kwamba siku ya mtu imeandikwa na waya hauwezi kuifuta.

Alhamisi moja Bochaberi alikwenda kusagisha mahindi. Njiani kurudi mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya jivu na ngurumo zilikuwa zikibingirika upande wa Kisii. Alipofika nyumbani aliita, hakuitikiwa. Gunia la majani halikuwa barazani. Bonareri alikuwa amelipeleka kituoni.

Bochaberi akauangusha mfuko wa unga hapo hapo uani, akakimbia.

Hakupita barabarani. Alikata katikati ya michai, matawi yakimkwaruza mapaja, mvua ikianza kumpiga usoni. Kwenye mteremko ndala moja ilinasa matopeni, akaiacha. Radi ya kwanza ilipopasuka juu ya kilima hakusimama. Hakuomba, hakufikiria lolote.

Alipofika alimkuta Ogoti akiwaondoa watu chini ya paa la mabati, akiwakimbiza kuelekea maduka ya mawe yaliyokuwa kando ya barabara. Bonareri alikuwa wa mwisho, akimsaidia bibi mmoja kuinuka. Bibi yule alipokwisha kuvuka, radi ya pili ikapiga karibu zaidi, na Ogoti akawasukuma mama na binti ndani ya lori la majani lililokuwa limeegeshwa pale, upande wa dereva. Yeye pia akaingia, akafunga mlango.

"Msiguse chuma," alisema. "Humu ndani itatuzunguka, haitatuingia. Fundi alinieleza."

Wakakaa watatu kwenye kiti, wanatiririka maji. Mvua iligonga lori kwa kishindo hata ikabidi mtu apaze sauti.

Bonareri alimtazama mamake, akautazama mguu wake mtupu uliojaa matope.

"Mama, ulikuja kufanya nini?"

"Kukuchukua."

"Si huwa unasema ikiwa siku yangu imefika itanifuata tu?"

Bochaberi alikuwa anahema bado. Akageuza uso, na hapo ndipo alipomwona Ogoti vizuri. Mwenyekiti alikuwa amejikunyata, mikono katikati ya mapaja, anatetemeka mwili mzima. Kila ngurumo ilipolia alifumba macho.

"Wewe," alimwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu mazishi. "Si Mungu amekubakiza kwa kazi? Unaogopa nini?"

Ogoti aligeuza sikio lake zima upande wa Bochaberi, kama anayehakikisha amesikia sawasawa.

"Mama Bonareri," alisema, "baba Bonareri alikuwa amekwisha kupima majani yake siku ile. Alikuwa barabarani tayari, anarudi nyumbani. Mimi ndiye niliyemwita. Nilikuwa nimelewa. Turubai lilikuwa linapeperuka, majani yangu yananyeshewa, nikapiga kelele, Angwenyi, njoo unishikie huku. Akarudi. Akaushika ule upande mmoja. Ni hapo."

Mvua ikaendelea kupiga.

"Kila nikiamka najiambia Mungu ndiye aliyepanga," aliendelea Ogoti. "Yeye aondoke, mimi nibaki. Kama Mungu hakupanga, basi ni mimi. Na hilo, mama, siwezi kuamka nalo. Ndiyo maana ninazunguka na huu waya. Nikikaa kimya linanirudia."

Bochaberi aliingoja hasira. Alikuwa ameiweka akiba kwa ajili ya mtu huyu muda mrefu, na sasa alikuwa na haki ya kuitoa yote. Haikuja. Alichosikia ni kitu chake mwenyewe katika kinywa cha mtu mwingine, neno kwa neno.

"Alitaka kungoja mvua ipite," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Akawasimulia yote: ungo, chinsaga, Sabato, alivyosema bila hata kumtazama. Bonareri hakuwa amewahi kuyasikia. Alilia kimya kimya, akijifuta kwa kiganja, na Bochaberi hakujua kama mtoto anamlilia babake au anamlilia yeye. Hakuthubutu kumgusa.

Kisha Bonareri akapenga kamasi akasema, "Kwa hiyo wewe ulimtuma, na mzee Ogoti akamwita."

Akawageukia wote wawili.

"Na yeye? Mnamzungumza kama gunia, huyu amelibeba, yule amelivuta. Baba alikuwa mtu wa kutumwa? Mama, ulimtuma mara ngapi atengeneze mlango wa jikoni?"

Bochaberi alifikiri kidogo. "Miaka mitatu," alisema.

"Akautengeneza?"

"Hadi leo ninauinua kwa goti."

Ogoti akatoa sauti ambayo kwanza ilifanana na kilio. Ilikuwa kicheko. "Kanisani walimchagua shemasi mara mbili," alisema. "Mara mbili akakataa, akasema yeye ni mtu wa besi. Mchungaji akaenda hadi nyumbani."

"Baba Bonareri akamchinjia kuku, akakataa tena," alisema Bochaberi, naye akajikuta anacheka, machozi yanamtoka, kifua kinamuuma kwa kucheka. Alikuwa amesahau ukaidi wa Angwenyi. Alikuwa amemfikiria kama marehemu kwa muda mrefu hata akaisahau tabia yake.

"Asingetaka kwenda asingekwenda," alisema Bonareri. "Na alipoitwa, alikuwa barabarani, mvua inanyesha, angeweza kujifanya hajasikia. Alimwona mtu anahangaika na turubai, akarudi. Hilo lilikuwa lake. Msimnyang'anye."

Ngurumo zikasogea taratibu upande wa Sotik, mvua ikapungua, na watu wakaanza kutoka madukani kutafuta magunia yao.

Usiku ule Bochaberi hakupata usingizi upesi. Maumivu hayakuwa yameisha. Kwa namna fulani yaliongezeka, maana sasa yalikuwa na sura: mtu aliyegeuka barabarani akarudi. Lakini aliweza kuyatazama bila kukimbilia lile neno lake. Asubuhi alivuka barabara akabisha hodi kwa Ogoti.

"Mwite fundi wako," alisema. "Aje kabla ya Ijumaa ijayo."

Otiende alikuja Jumatano. Bochaberi alikuwa amekwisha kung'oa nduma mwenyewe na kuzigawa kwa majirani, na wachimbaji walipofika alikuwa ndani ya shimo la kwanza, jembe mkononi, udongo mweusi umemfika magotini. Vijana wakataka kumpokea, akawaambia waanze la pili. Otiende aliteremsha vyuma vyake, akapanga mifuko ya makaa na chumvi ambayo huchanganywa na udongo ili uipokee radi vizuri zaidi. Kisha akachuchumaa ukingoni.

"Mama, siku ile nilisema vibaya. Nilidhani ninakufariji."

"Ulisema unachojua, fundi."

"Hata hivyo."

Bochaberi alisimama kupumua. Juu yao, kwenye paa la kituo, ngazi ilikuwa tayari imeegemezwa.

"Wewe unapopanda huko juu," aliuliza, "unaamini Mungu amekwisha kupanga utashuka salama?"

"Naomba kwanza. Halafu nafunga mkanda."

"Na kati ya hivyo viwili, ni kipi kinachokushikilia?"

Otiende akatabasamu. "Sijawahi kujaribu kimoja bila kingine, mama. Mke wangu hataki nijaribu."

Kufikia jioni chuma kilikuwa kimesimama juu ya kituo, na waya umeshuka ukutani, ukapita chini ya njia, ukazama katika shamba la nduma. Mzee wa kanisa, aliyesema kwenye mazishi kwamba siku ikifika imefika, alikuja akaomba sala fupi juu ya mashimo yale kabla hayajafukiwa. Bochaberi alisema amina. Hakuona kwamba amebadili dini.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Je, radi ilikipiga kituo? Wengine wanasema ilipiga mara moja wakaona cheche, wengine wanasema ilipiga mti wa jirani. Hakuna aliyeumia. Ogoti bado husema kwamba hakubakizwa bure, na siku hizi Bochaberi humwachia neno lake, maana ameona linavyomwamsha asubuhi akiwa hajalewa.

Mwaka uliofuata wazazi wa shule moja ya msingi, kilima cha pili kutoka hapo, walikuwa wakibishana juu ya jambo lilo hilo, na Ogoti akamwomba Bochaberi aende naye na fundi. Walikutana na wazazi chini ya paa la darasa. Otiende alieleza kuhusu vyuma na waya. Alipomaliza, mzee mmoja aliyeitwa Ondieki, mwenye fimbo na koti zito, alisimama. Hakumtazama fundi, alimtazama Bochaberi.

"Binti yangu, wewe ndiye uliyefiwa. Utuambie. Siku ya mume wako ilikuwa imeandikwa, au haikuwa imeandikwa?"

Bochaberi alisimama, akashika ukingo wa dawati.

"Baba, sijui," alisema. "Nilisema imeandikwa kwa muda mrefu, kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma kule, na sikutaka kuliona hilo. Kama Mungu aliandika, mwandiko wake sijauona. Ninachojua ni kwamba mvua ilipokuja na binti yangu yuko nje, sikuuliza kama imeandikwa. Nilikimbia. Nadhani hata wewe ungekimbia."

Mzee Ondieki aliendelea kusimama kidogo, mikono juu ya fimbo. Nje ya dirisha watoto walikuwa wakicheza mpira kwenye uwanja ulio wazi, ambao haukuwa na mti hata mmoja. Akawatazama. Kisha akamgeukia Otiende.

"Fundi," alisema, "hayo mashimo yanakwenda chini kiasi gani?"

Otiende akainuka kumwonyesha.